Mwanafunzi wa Uzamili Aliyenyamaza: Nimfuate au Nimwache?

Swali: "Shikamoo Profesa. Nilihitimu uzamivu, yaani shahada ya tatu, mwaka juzi na sasa ni mhadhiri wa elimu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nimepangiwa kusimamia wanafunzi watano wa umahiri, yaani shahada ya pili. Mmoja wao ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata mkoani Singida; ana miaka 49, mimi nina 34. Anachunguza uhusiano wa chakula cha mchana shuleni na mahudhurio ya wanafunzi. Andiko lake la utafiti lilipita vizuri na barua ya kibali akapewa. Alipoleta sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, nilikaa nayo siku tatu, nikamrudishia ikiwa na maoni 86 pembeni. Tangu hapo ni miezi saba. Hajibu barua pepe wala ujumbe, na simu inaita tu. Wenzangu wazoefu wananiambia nimwache, shahada ni yake na mtu mzima hafuatwi. Mmoja alinishauri nimwandikie hiyo sura yaishe. Je, ameshaacha masomo? Nimekosea wapi? Na msimamizi anapaswa kusaidia mpaka wapi?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Umeuliza maswali matatu, lakini ndani yake nasikia hofu moja: kwamba huenda wewe ndiye uliyemfukuza mtu huyu masomoni kwa sababu ulisoma kazi yake kwa makini. Nianze na hapo. Kukaa siku tatu na sura ya mwanafunzi si kosa. Wapo wanafunzi wanaomaliza mwaka bila kusomewa hata ukurasa mmoja, na hao ndio wenye haki ya kulalamika. Kilichokwenda kombo ni namna usomaji wako ulivyomfikia, na hilo linarekebishika. Wala sidhani kwamba ameacha. Katika miaka zaidi ya ishirini ya usimamizi nimeona kwamba mtu aliyeacha kweli husema: huandika barua, huulizia ada yake, au hukueleza waziwazi kwamba maisha yamembana. Yule anayeitazama simu yako ikiita mpaka ikakatika, mara nyingi bado anaitaka shahada yake, na kwa sababu bado anaitaka ndiyo maana anashindwa kupokea.

Ukimya wa namna hii hukua kama deni la dukani. Mtu anayedaiwa na mangi shilingi elfu kumi hupita siku ya kwanza, akasalimia na kusema atalipa Ijumaa. Ijumaa ikipita bila hela, Jumamosi anapita upande wa pili wa barabara, na wiki inayofuata anazunguka mtaa mzima ili asionekane. Deni halijaongezeka hata senti. Kilichoongezeka ni uzito wa kusimama mbele ya anayemdai. Kwa mwanafunzi wa utafiti hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa deni lenyewe nalo hukua kichwani mwake. Wiki ya kwanza angeweza kukuandikia kwamba maoni ni mengi na hajui aanzie wapi. Mwezi wa pili anaona hawezi kukujia mikono mitupu, kwa hiyo anajiahidi kwamba atakujibu akiwa ameshasahihisha yote. Mwezi wa nne anajiambia kwamba sura iliyochelewa kiasi hicho lazima iwe nzuri ajabu, ili kuchelewa kwake kuwe na maana. Kiwango anachojiwekea kinapanda kila siku, na wakati huohuo kumbukumbu ya alichokuwa akikisoma inafifia. Anapofungua faili usiku, baada ya siku nzima ya vikao, wazazi na hesabu za ghala, anakutana na maneno ambayo hakumbuki tena kwa nini aliyaandika, analifunga na kwenda kulala.

Wenzako wanaosema mtu mzima hafuatwi wana sehemu ya ukweli, nami siwadharau, maana wengi wao wamebeba mizigo ya kufundisha na kusahihisha ambayo haiwaachii nafasi ya kumtafuta mtu yeyote. Wanakosea katika jambo moja. Mwanafunzi wako ni mtu mzima katika karibu kila jambo la maisha yake, isipokuwa katika kufanya utafiti, ambako ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Tangu darasa la kwanza mpaka shahada ya kwanza, na hata katika kozi za darasani za umahiri, amekuwa na ratiba, kengele, mtihani na tarehe ya mtihani. Kozi zilipokwisha, vyote hivyo viliondolewa kwa pamoja, akaambiwa aende akaandike. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuishi na kazi isiyo na kengele. Kudhani kwamba atajifunza hilo mwenyewe kwa sababu ana mvi ni kumwonea.

Liko jambo jingine ambalo nadhani limechangia sana, na ambalo hatulisemi vyuoni kwa kuogopa kuonekana hatuna weledi. Mwanafunzi wako amekuzidi miaka kumi na mitano. Bila shaka wewe ndiye unayemwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, kisha mnakaa na wewe ndiye unayemwambia kwamba aya yake haina hoja. Huko shuleni kwake, yeye ndiye anayekagua maandalio ya somo ya walimu na kuyatia saini, na kalamu nyekundu iko mezani kwake. Walimu wake wanajua kwamba anasoma, na huenda wanamuuliza kila mwezi atahitimu lini. Sasa sura yake imerudi imejaa masahihisho yako, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake wa mwanzo kabisa alipoanza kazi. Sisemi ulainishe ukweli wa kitaaluma kwa ajili ya umri wake. Ukifanya hivyo utamkabidhi kwa mtahini wa nje ambaye hatamhurumia. Ninachosema ni kwamba katika malezi yetu mtu mzima husahihishwa akiwa amekaa, faraghani, kwa maneno yaliyotangulizwa na heshima, na kwamba maoni ya pembeni mwa ukurasa hayana sauti wala uso. Ulichokiandika kwa nia njema kimesomwa kwa sauti aliyoitunga yeye mwenyewe saa tano za usiku.

Hili nalijua kwa kuumia. Miaka yangu ya mwanzo nilimrudishia mwanafunzi mmoja sura ya tatu ikiwa na wino mwekundu hadi nyuma ya karatasi. Alitoweka mwaka mmoja na nusu. Aliporudi, alifungua mkoba akatoa karatasi zilezile, zimekunjwa mara nne na pembe zimelika, akaniwekea kidole kwenye neno moja nililokuwa nimeliandika pembeni mwa ukurasa wa kumi na mbili: "Unamaanisha?" Mimi nilikuwa nauliza kweli, nikitaka kujua anamaanisha nini. Yeye alilisoma kama dharau, kana kwamba nimesema, hivi na wewe unadhani umeandika kitu. Kwa mwaka mmoja na nusu neno hilo lilikuwa limekaa mkobani mwake, na mimi nilikuwa nimeshalisahau siku ileile niliyoliandika.

Sasa tuyatazame hayo maoni 86 jinsi yanavyofanya kazi, maana hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Katika programu ya kuandikia, maoni yote huonekana sawa kwa ukubwa. Linalosema koma imekosewa na linalosema sehemu nzima haihusiani na mada yamo katika visanduku vinavyofanana. Mwanafunzi huanza juu. Anasahihisha koma, anarekebisha mwaka wa chanzo, anatafuta ukurasa wa nukuu, na baada ya saa nne za kazi anafika kwenye oni la arobaini linalomwambia kwamba sehemu yote aliyokuwa anaisafisha iondolewe. Hakuna mtu asiyevunjika moyo hapo. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha uchunguzi wao wa namna mwalimu anavyowasaidia watoto 30, wa miaka mitatu hadi mitano, kujenga piramidi kwa vipande vya mbao, na humo wakaulinganisha msaada wa mwalimu na jukwaa ambalo mafundi ujenzi husimama juu yake wanapopandisha ukuta. Miongoni mwa kazi za mwalimu walizozitaja ni kupunguza idadi ya mambo ambayo mwanafunzi analazimika kuyaamua kwa wakati mmoja, kumwonyesha lililo muhimu zaidi, na kumkinga asizidiwe na kukata tamaa. Mkuu wa shule si mtoto wa miaka minne, lakini mtu yeyote aliye mbele ya kazi ambayo hajawahi kuifanya huzidiwa kwa njia hiyohiyo. Maoni yako 86 yalimwongezea mambo ya kuamua, hayakumpunguzia.

Ungefanyaje basi? Ningeisoma sura yote kama ulivyoisoma, lakini ningemrudishia barua ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu tu ya kushughulikia, kwa mpangilio: lipi kwanza, lipi baadaye, na lipi aliache kabisa kwa sasa. Makosa ya lugha na ya vyanzo yangesubiri rasimu ya mwisho, kwa kuwa hakuna maana ya kupaka rangi ukuta utakaobomolewa. Na kila oni lingekuwa swali linaloweza kujibiwa. Chukua sentensi ya aina inayojaa katika sura za pili: "Chakula shuleni huongeza mahudhurio," ikifuatiwa na vyanzo vitatu. Ukiandika "dhaifu, fafanua," umemwambia kwamba hujaridhika, lakini hujampa mahali pa kuweka mguu. Jaribu hivi: "Mahudhurio ya wanafunzi gani, wanaotembea kilomita saba au wanaoishi jirani na shule? Katika daftari la mahudhurio la shule yako, miezi ambayo ghala lina mahindi inatofautiana vipi na ile ambayo liko tupu? Niandikie aya moja ya hilo, ndipo tutajua ni vyanzo gani vinakuhusu." Hapo amepata kazi ya saa mbili, inayotumia daftari lililo kabatini kwake na ujuzi ambao wewe huna. Shule hizi za kata, zilizosambaa tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, ana uzoefu nazo wa kila siku, na ni vizuri aanze kuandika akiwa juu ya ardhi anayoijua.

Nikiwa hapo niongeze jambo ambalo unaweza kumsaidia nalo mkishaanza kuzungumza. Singida ni nyanda kavu yenye msimu mmoja wa mvua, na miezi ya mwanzo wa mwaka, ambayo maghala ya chakula huwa yamepungua, ndiyo pia miezi ya kazi za shamba. Mwanafunzi anayekosekana darasani mwezi Februari huenda amezuiwa na jembe wala si njaa. Kama andiko lake halikutenganisha mambo hayo mawili, mtahini atamuuliza, na ni bora aulizwe kwanza na wewe, mkiwa mmekaa na chai. Mazungumzo kama hayo ndiyo usimamizi wenyewe. Kuwinda koma kunaweza kufanywa na mtu yeyote.

Lugha nayo ina sehemu yake. Tasnifu za elimu katika vyuo vyetu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwanafunzi wako huwaza, huongoza vikao na hujadiliana na wazazi kwa Kiswahili. Sentensi nyingi zinazoonekana kukosa hoja zina hoja iliyopotea njiani wakati wa kuvushwa. Mwombe akueleze hoja ya sura yake kwa Kiswahili kwa dakika tano, kwa simu au kwa ujumbe wa sauti, bila kusoma popote. Akiweza kuieleza vizuri, utajua kwamba tatizo ni uandishi, na utamsaidia kama mwandishi. Asipoweza hata kwa Kiswahili, utajua kwamba hoja haijakomaa, na hapo kusahihisha Kiingereza chake ni kupoteza muda wako na wake. Kipimo hiki ni chepesi, na nasikitika kwamba wasimamizi wengi hawakitumii.

Sasa kuhusu kumtafuta: ndiyo, mtafute, lakini kabla ya kushika simu hakikisha karatasi mbili. Kwanza, nenda ofisi ya masomo ya uzamili ujue usajili wake uko hai mpaka lini na kama ada ya mwaka imelipwa, ili usimwahidi nafasi ambayo kanuni zimeshaifuta. Pili, tazama barua yake ya kibali. Kwa utaratibu uliozoeleka katika vyuo vya umma, Makamu Mkuu wa Chuo humpa mwanafunzi barua hiyo kwa niaba ya Serikali na ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, kisha inashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Katibu Tawala wa Wilaya na kwa halmashauri, mpaka kwa watendaji wa kata na vijiji. Barua hiyo huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Baada ya miezi saba huenda muda umepita, na mtu anayerudi kwa kujikaza, kisha akakwamishwa na tarehe kwenye barua siku ya kwanza, anaweza asirudi tena. Ukilijua mapema unaweza kuanza kuomba nyongeza ya muda mara tu atakapokubali kuendelea.

Halafu mtumie ujumbe mfupi wa simu, si barua pepe, kwa kuwa barua pepe yako imeshakuwa mahali pa kuogopwa. Mimi ningeandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Natumaini nyumbani na shuleni ni wazima. Maoni niliyokutumia yalikuwa mengi na sikuyapanga, kosa hilo ni langu. Usihangaike kuyajibu. Usajili wako bado upo. Jumamosi saa kumi jioni nitakupigia kwa dakika kumi tuone pa kuanzia. Huhitaji kuandaa chochote." Usiulize alikuwa wapi. Usimwambie kwamba una wasiwasi na maendeleo yake, maana neno maendeleo litamrudisha kwenye deni. Kukiri kwamba maoni hayakupangwa hakukushushi hadhi. Kunampa mlango wa kurudi bila kupiga magoti. Na ile ahadi kwamba hahitaji kuandaa chochote ndiyo inayompa nafasi ya kupokea simu, kwa kuwa kwa miezi saba amekuwa akiamini kwamba hastahili kuongea nawe mpaka awe na kitu mkononi.

Akirudi, mpe kengele aliyoikosa. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi mbali na chuo, simu ya nusu saa kila baada ya wiki mbili, siku ileile na saa ileile, ina thamani kuliko kikao cha saa tatu kila baada ya miezi minne. Baada ya kila simu aandike nusu ukurasa wa mliyokubaliana na kukutumia. Maandishi hayo humfanya aendelee kuandika na hukulinda wewe ikiwa baadaye patatokea mzozo. Wewe nawe umwahidi siku utakazochukua kusoma kazi yake, na uzitimize. Ukijua huwezi kusoma ndani ya wiki mbili, sema wiki tatu. Mpangilie pia kazi kwa kalenda ya shule yake: Novemba ana mitihani ya kidato cha pili na cha nne, Januari ana wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, na kumtaka sura nzima katika miezi hiyo ni kuandaa ukimya mwingine. Wanafunzi wako wote watano wakutane mara moja kwa mwezi, hata kwa simu ya pamoja, kila mmoja asome kurasa tano za mwenzake. Nalisisitiza hili kwa sababu semina nyingi za idara zimegeuka mahakama, ambako mwanafunzi husimama kujitetea mbele ya watu wanaoshindana kumwonyesha kwamba wanajua. Anahitaji mahali pa kusema "hapa nimekwama" bila hukumu.

Kuhusu kumwandikia sura, jibu langu ni hapana, na nakuomba usilegeze hata kidogo. Mwanzoni mwa tasnifu kuna ikirari ambayo mwanafunzi hutia saini kwamba kazi ni yake, na ithibati ambayo wewe hutia saini kwamba umeisoma na unaipendekeza kwa watahini. Ukimwandikia, saini zote mbili zitakuwa za uongo. Zaidi ya hapo, siku ya utetezi ataulizwa kwa nini alichagua nadharia hii na kuacha ile, na hakuna atakayeweza kumjibia. Hata hivyo kati ya kumwandikia na kumtupa kuna eneo pana la halali. Unaweza kuchukua aya yake moja ukaipanga upya mbele yake, ukimweleza kila hatua, kisha aya inayofuata akaipanga mwenyewe. Unaweza kukaa naye mkachora mifupa ya sura, vichwa vitano na sentensi moja chini ya kila kimoja, maneno yakiwa yake. Unaweza kumpa tasnifu nzuri ya mtu mwingine aisome kwa jicho la fundi: aya hii inafanya kazi gani, na kwa nini iko hapa. Ujue pia kwamba mwanafunzi aliyekata tamaa hupata mwandishi wa kulipwa kwa urahisi, na siku hizi programu za akili mnemba humwandikia sura kwa dakika chache pamoja na vyanzo ambavyo havipo duniani. Ukiona kazi iliyorudi ghafla ina lugha usiyoitambua, muulize maswali ya ana kwa ana kuhusu alichokiandika kabla ya kumtuhumu kwa jambo lolote.

Inawezekana pia kwamba akipokea simu atakwambia ukweli mwingine: mgonjwa nyumbani, uhamisho, ada. Hapo usimsukume aendelee kwa sababu tu umeshampata. Kanuni za vyuo zina nafasi ya kuahirisha masomo kwa sababu za msingi, na kuahirisha kwa maandishi ni bora mara nyingi kuliko kunyamaza, kwa sababu muda wa usajili hautaendelea kuliwa bila kazi. Kama ataona aibu imekwishaharibu uhusiano wenu, mweleze kwamba kubadilisha msimamizi kupitia kwa mkuu wa idara ni haki yake, na useme hilo bila uchungu. Nakutahadharisha tu kwamba msimamizi mpya mara nyingi hutaka mada ielekee anakokujua yeye, na mwanafunzi anaweza kujikuta anaanza andiko upya. Kwa mtu ambaye andiko lake limekwishapita, mimi ningejaribu kwanza kuongeza msimamizi wa pili, pengine mwenye umri unaokaribiana na wake. Na akisema anataka kuacha, muulize kama anaacha utafiti au anakimbia sura ya pili, kisha jibu lolote atakalotoa ulipokee.

Yapo mambo ambayo simu yako na ushauri wangu havitatosha. Mwaka 2017 Katia Levecque na wenzake wa Ubelgiji walichapisha utafiti wa wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika eneo la Flanders, wakaona kwamba asilimia 32 walikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Na miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hatari hiyo ni mvutano kati ya kazi na familia, pamoja na namna msimamizi anavyoongoza. Flanders si Singida, na umahiri si uzamivu, lakini mvutano wa kazi na familia unaujua. Ukisikia kwamba hapati usingizi kwa wiki nyingi, ameacha kula, amekuwa akinywa pombe kuliko kawaida yake, au anasema maneno ya kutoona maana ya kuishi, acha kabisa habari ya tasnifu. Mwombe aende hospitali iliyo karibu naye akamwone daktari, ulizia nani yuko naye nyumbani, na akiwa anazungumzia kujidhuru usikate simu mpaka ujue kuna mtu wa kumsindikiza siku hiyohiyo. Chuoni mwambie Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ofisi yake huwa na washauri nasaha. Wewe ni msimamizi wa utafiti, na kujaribu kuwa tabibu kutawaumiza wote wawili. Na wewe mwenyewe, kama miezi hii saba imekunyima raha kiasi ninachokihisi katika barua yako, mtafute mhadhiri mmoja mzoefu unayemwamini, mwoneshe sura ile na maoni yako 86, na umwombe akueleze angeyapunguza vipi.

Asipopokea Jumamosi, mpigie tena wiki inayofuata saa ileile. Ikishindikana mara tatu, mwombe mratibu wa uzamili wa idara amwandikie barua rasmi ya upole, inayotaja tarehe ya mwisho ya usajili na jina la mtu wa kumwona, na nakala iingie kwenye jalada lake. Usimtume mtumishi mwenzake wa shuleni kumuulizia, kwa kuwa hiyo ndiyo aibu anayoikimbia. Akipokea, usianze na sura ya pili. Muulize kwanza kama wazazi wamechanga mahindi ya mwaka huu, na ghala la shule litafika mwezi gani.